Mbingu za Shakespeare Si Pambo

Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Henry IV, mwanamfalme Hal na mwasi Hotspur wanakutana uso kwa uso katika uwanja wa vita wa Shrewsbury. Panga hazijagongana bado. Hal anamwambia mpinzani wake kwamba nyota mbili haziwezi kwenda katika tufe moja, na kwamba Uingereza haiwezi kubeba utawala wa watu wawili. Msomaji wa Kiswahili anaelewa papo hapo: mafahali wawili hawakai zizi moja. Anafungua ukurasa unaofuata.

Ameipata maana, lakini nusu yake tu. Mafahali wawili wanaweza kutiwa zizi moja. Watapigana mpaka mmoja asalimu amri. Hal anasema jambo zito zaidi. Kwa mtazamaji wa London wa miaka ya 1590, kila sayari ilikuwa na tufe lake la mbinguni, na kuzitia sayari mbili katika tufe moja ni jambo ambalo maumbile yenyewe hayaliruhusu. Hal hatoi tishio la mpiganaji. Anadai kwamba ulimwengu, kwa jinsi ulivyoumbwa, hauna nafasi ya Hotspur. Kijana aliyekuwa akishinda vilabuni na walevi, ambaye baba yake alikuwa amekaribia kumkatia tamaa, hapo ndipo anaposimama mbele ya adui na kusema kama mrithi wa kiti cha ufalme.

Tamthilia za Uingereza za zama zile zimejaa mistari ya namna hii, na katika madarasa mengi mistari hiyo hupita bila kuguswa. Mwanafunzi huandika neno “sitiari” pembeni mwa ukurasa, hupata alama yake, basi. Hiyo ni hasara kubwa. Matufe ya mbingu hayakuwa maua ya kupambia sentensi. Yalikuwa somo lililofundishwa vyuoni na ramani ya ulimwengu aliyokuwa nayo kichwani hata fundi viatu aliyelipa peni moja asimame uwanjani kutazama mchezo. Watunzi waliyatumia kwa kazi mahususi, nayo ni kuonyesha kinachotokea pale kitu kinapotoka mahali pake.

Ramani yenyewe si ngumu kueleza. Dunia imetulia kitovuni. Kuizunguka kuna matufe maangavu kama bilauri, moja ndani ya jingine, na kila moja limebeba sayari yake: Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Tufe la nane limebeba nyota zote zisizobadilishana nafasi. Nje yake kuna tufe linaloyasukuma mengine yote, likiyazungusha mara moja kila saa 24. Chini ya Mwezi kila kitu huzaliwa, huoza na kufa. Juu ya Mwezi hakuna kinachobadilika wala kuchakaa.

Falsafa ya mpango huu ni ya Aristotle, na hesabu zake aliziandika Ptolemy huko Aleksandria, Misri, katika karne ya 2. Wanazuoni wa Baghdad wakakifasiri kitabu chake kwa Kiarabu, na jina ambalo Ulaya inakijulia mpaka leo, Almagest, limepita katika Kiarabu. Al-Farghani akaandika muhtasari wa elimu hiyo, ukafasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12. Karne iliyofuata, mwalimu mmoja wa Paris, Johannes de Sacrobosco, akatunga kitabu kidogo kuhusu matufe ambacho vyuo vikuu vya Ulaya viliendelea kukitumia hadi karne ya 17.

Kwa hiyo msomaji wa mwambao hana sababu ya kuiona mbingu hii kuwa ya wageni. Majina ya Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali yamefika katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lugha iliyoipokea na kuilea elimu hiyo hiyo kabla haijarudi Ulaya. Falaki imekuwa na wajuzi wake katika miji ya pwani kwa vizazi vingi. Hata leo mtu wa Tanga au Mombasa akisema kwamba nyota za maarusi fulani haziendani, anatumia mabaki ya ulimwengu ule aliokuwa akiutazama Hal. Wanaodai kwamba Shakespeare yuko mbali mno nasi wamekosea hasa katika sehemu hii.

Anayetaka kuona matufe yakifanya kazi ndani ya tamthilia nzima aanze na Christopher Marlowe. Alizaliwa mwaka 1564, mwaka mmoja na Shakespeare, akasoma Cambridge, akauawa mwaka 1593 akiwa na umri wa miaka 29. Katika tamthilia yake ya Doctor Faustus, msomi wa Wittenberg anaiuza roho yake kwa shetani ili apate miaka 24 ya elimu na anasa. Mkataba ukishatiwa saini kwa damu, Faustus anamkalisha Mephistopheles, shetani anayemtumikia, na kumwuliza habari za mbingu. Je, matufe yote yamo moja ndani ya jingine? Je, yote yana mwendo mmoja? Mephistopheles anajibu kwamba yote huenda mashariki kwenda magharibi kwa saa 24, ila kila moja lina mwendo wake mwingine kuhusiana na njia ya buruji.

Faustus anakasirika. Mambo hayo, anasema, hata mtumishi wake Wagner anayajua. Kisha anayataja mwenyewe kwa kichwa: Zohali miaka 30, Mshtarii miaka 12, Mirihi miaka 4, Jua na Zuhura na Utaridi mwaka mmoja, Mwezi siku 28. Ni masomo ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, anasema kwa dharau. Hesabu za Zohali na Mshtarii ziko karibu na ukweli. Ya Mirihi imekosewa sana, kwa kuwa sayari hiyo humaliza mzunguko wake kwa siku 687, yaani chini ya miaka 2. Faustus anauliza tena kwa nini kupatwa kwa jua na kwa mwezi hakuji kwa idadi ileile kila mwaka, na anapewa jibu la kitabuni: kwa sababu ya miendo isiyolingana.

Mkurugenzi wa mchezo akitaka kupunguza muda, kurasa hizi ndizo za kwanza kukatwa, eti zinachosha. Akizikata, ameikata tamthilia mshipa. Hapo ndipo Marlowe anapoonyesha jinsi biashara ya Faustus ilivyo ya hasara: ameiuza roho yake, na alichopewa ni somo ambalo kijana yeyote wa Cambridge alilipata kwa ada ya kawaida. Na kuna jambo kubwa zaidi. Katika saa yake ya mwisho, Faustus akiwa peke yake chumbani, anayalilia matufe yale yale yasimame, wakati ukome, usiku wa manane usifike. Somo alilolidharau limegeuka saa inayohesabu uhai wake. Anajua kwa hesabu kamili kwamba hayatasimama, kwa maana yeye mwenyewe ndiye aliyezikariri zile namba. Aliyekosa onyesho la kwanza atasikia katika hili la pili kilio cha mtu mwenye hofu, na hatajua kwamba anayelia ni msomi aliyekamatwa na elimu yake mwenyewe.

Jukwaa nalo lilisaidia. Ukumbi wa Globe, uliojengwa mwaka 1599 kusini mwa mto Thames, haukuwa na paa juu ya watazamaji waliosimama, lakini jukwaa lilikuwa na dari iliyoshikiliwa na nguzo mbili. Dari hiyo waigizaji waliiita mbingu, na chini ya mbao za jukwaa kulikuwa na uvungu wenye mlango wa sakafuni, mahali pa mizuka na mashetani kutokea. Mwigizaji aliponyoosha mkono kuapa kwa nyota, kila mtu aliona anachokinyooshea. Ukumbi uliojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1997 una jua, mwezi na buruji zilizochorwa darini, na ni chini ya dari hiyo ambapo waigizaji kutoka Kenya walicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili mwaka 2012, katika tamasha lililoleta tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37.

Shakespeare mwenyewe hakupenda kufundisha falaki kama Marlowe. Yeye huyataja matufe kwa ghafla, na mara nyingi ni pale yanapovunjika au yanapotishiwa kuvunjika. Mzuka wa baba yake Hamlet unamwambia mwanawe kwamba angesimuliwa siri za gereza lake, macho yangeruka kama nyota zinazoachia matufe yake. Macho yangemtoka pima, tungesema sisi. Lakini mzuka umetoka mahali usipopaswa kutoka, na anayevaa taji ni muuaji. Nyota zinazoacha njia ni habari ya Denmark nzima. Katika A Midsummer Night’s Dream, mfalme wa majini, Oberon, anakumbuka nguva aliyeimba akiwa mgongoni mwa pomboo hata nyota zikachomoka katika matufe yake kwa wazimu wa kutaka kumsikia. Hapo kinachovuruga mbingu ni uzuri. Naye Antony, akishashindwa na Octavius, analia kwamba nyota zilizokuwa zikimwongoza zimeyaacha matufe yake matupu na kutupa moto wake kuzimu. Jenerali aliyeitawala theluthi ya dunia ya Kirumi haoni kwamba amepoteza vita. Anaona kwamba mbingu yake imehamwa.

Mfano wenye uchungu kuliko yote ni wa Claudius, yule muuaji anayevaa taji la Denmark. Laertes, mwana wa Polonius, anamwuliza kwa nini hakumwadhibu Hamlet kwa kumwua Polonius. Mfalme anajibu kwamba malkia anampenda mno mwanawe, naye hawezi kwenda ila kwa malkia, kama nyota isivyoweza kwenda ila katika tufe lake. Maneno matamu ya mume mwaminifu. Anayeyasema amemwua ndugu yake wa damu, akatwaa kiti chake na mke wake. Amevunja kila mpaka uliokuwapo, kisha anajifananisha na kiumbe pekee ambacho, kwa elimu ya wakati ule, hakiwezi kuvunja mpaka. Na papo hapo anamtega Laertes amwue Hamlet. Mwanafunzi asiyejua tufe ni kitu gani atauona mstari huo kuwa wa mapenzi, na uongo uliomo utampita.

Tahadhari hiyo inahitajika pia kwa hotuba mashuhuri ya Ulysses katika Troilus and Cressida. Anawaambia makamanda wa Kigiriki kwamba mbingu zenyewe hushika vyeo na nafasi, kwamba jua limeketi kama mfalme kati ya sayari nyingine, na kwamba sayari zikianza kwenda ovyo huja tauni, tetemeko na fitina. Watu wengi wameichukua hotuba hiyo kuwa imani ya Shakespeare juu ya utii kwa wakubwa. Wasome mpaka mwisho wa onyesho. Ulysses huyo huyo anashauri kura ya kumchagua mpiganaji wao ichezewe ili imwangukie Ajax, Achilles aone wivu. Msemaji wa utaratibu wa mbingu ni mpanga hila, na Shakespeare ameyaweka mambo hayo mawili kinywani mwa mtu mmoja kwa makusudi.

Je, watunzi hawa hawakusikia kwamba mbingu hizo zilikuwa zimeanza kubomoka? Kitabu cha Copernicus kilichoweka Jua kitovuni kilitoka mwaka 1543. Mwezi wa Novemba 1572, Shakespeare akiwa na umri wa miaka 8, nyota mpya iliwaka katika kundi la Cassiopeia, ikang’aa kiasi cha kuonekana mchana. Tycho Brahe wa Denmark akaonyesha kwa vipimo kwamba iko mbali kuliko Mwezi, huko kulikosemwa kuwa hakubadiliki kitu. Miaka 5 baadaye nyota yenye mkia ilipita mahali ambapo matufe ya bilauri yalipaswa kuwa, na haikuvunja chochote. Mwaka 1576 Mwingereza Thomas Digges akaieleza hoja ya Copernicus kwa Kiingereza, ndani ya kalenda iliyouzwa kwa watu wa kawaida, na kuchora nyota zilizotawanyika bila mwisho. Hamlet anapomwandikia Ophelia kwamba anaweza kutilia shaka hata mwendo wa jua lakini si pendo lake, anachagua mfano ambao kufikia mwaka 1600 watu kadhaa walikuwa tayari wameutilia shaka.

Habari zilikuwapo, basi. Jibu la haraka, kwamba watu wa tamthilia walikuwa nyuma ya wakati, halitoshi. Tamthilia huhitaji mbingu inayoweza kuumia. Katika ulimwengu wa Ptolemy, mfalme akiuawa, jua linaweza kufunikwa mchana na watu wakauona uhusiano. Mtu akivunja kiapo, nyota yake inaweza kuanguka. Mwanadamu yuko kitovuni, na makosa yake yana mwangwi juu. Mbingu za Newton, zilizokamilika kwa hesabu mwaka 1687, ni za kweli zaidi bila shaka yoyote, lakini hazina habari na kifo cha Antony. Watunzi wa zama za Shakespeare waliandika katika miongo ambayo ramani ya zamani ilikuwa bado inaaminiwa na wengi na tayari inatiliwa shaka na wachache, na wasiwasi huo ndio uliozipa nyota zao nguvu ya kutisha.

Darubini ilipofika, jukwaa halikuchelewa. Galileo alichapisha habari za milima ya Mwezi na miezi 4 ya Mshtarii mwaka 1610. Kufikia mwaka 1614 John Webster alikuwa ameshamweka jukwaani katika The Duchess of Malfi: Kardinali mmoja anamsimanga hawara yake kwamba ingebidi kuazima kioo cha Galileo kutafuta mwanamke asiyebadilika katika ulimwengu ule mwingine ulio Mwezini. Hadithi ya tamthilia hiyo ni ya mwanzo wa karne ya 16, kwa hiyo darubini hiyo imetangulia miaka 100. Webster hakujali. Alitaka mwanzi mpya wa kutazamia uwemo mkononi mwa mtu mkatili.

Haya yote yana uzito wa pekee kwa wasomaji wa Kiswahili, kwa sababu tamthilia mbili ambazo Mwalimu Julius Nyerere alizifasiri, huku akiongoza nchi, zinaibeba mbingu hii katika sehemu zake muhimu kabisa. Ya kwanza ilitoka mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katikati yake, Kaizari anakataa kumsamehe ndugu wa Metellus aliyefukuzwa nchini. Anasema mbingu ina cheche zisizohesabika, zote zinawaka, lakini moja tu haisogei, Nyota ya Kaskazini, naye ndiye kama hiyo kati ya wanadamu. Dakika chache baadaye Kaska, mmoja wa waliokula njama, anachomoa jambia.

Mwanafunzi wa Dodoma au Mtwara anaposoma hapo, afahamishwe kwamba nyota hiyo haionekani popote katika Tanzania, kwa kuwa iko chini ya upeo wa macho kwa mtu aliye kusini mwa ikweta. Nahodha wa jahazi aliyetoka Unguja kwenda Muscat ndiye aliyeiona ikichomoza kidogo kidogo baada ya kuvuka mstari huo. Afahamishwe pia kwamba mwaka 44 kabla ya Kristo, Kaizari alipouawa, nyota tuiitayo leo ya Kaskazini ilikuwa mbali na ncha ya mbingu na ilizunguka kama nyingine. Jambo hili la pili Shakespeare hakulikusudia, lakini linamfunua Kaizari vizuri: alijilinganisha na uthabiti ambao hata mbinguni haukuwapo.

Tamthilia ya pili ni Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969, na humo ndimo ulimo muziki wa matufe. Pythagoras na wafuasi wake waliamini kwamba sayari zikizunguka hutoa sauti zinazolingana kama nyuzi za kinubi. Plato na Cicero wakalipokea wazo hilo, na Ulaya ikalirithi. Usiku wa mbalamwezi huko Belmont, Lorenzo anamketisha Jessica na kumwonyesha anga. Hata nyota ndogo kabisa, anasema, huimba kama malaika katika mwendo wake, na roho zetu zina muziki huo huo ndani, ila mwili huu wa udongo unaooza ndio unaotuziba masikio. Wengi husoma hapo kama mahali pa kupumzika baada ya kesi ya kutisha ya kipande cha nyama.

Si mapumziko hata kidogo. Kesi iliyotangulia imemwacha Shylock, Myahudi mkopeshaji, bila nusu ya mali yake wala dini yake, akilazimishwa kubatizwa, na urithi wake umeandikwa kwa Lorenzo aliyemtorosha binti yake Jessica usiku pamoja na vito na dhahabu. Huyu ndiye anayepewa maneno mazuri kuliko yote kuhusu upatanifu wa mbingu. Naye Jessica, muziki ukianza kupigwa, anajibu kwa sentensi moja tu kwamba hachangamki kamwe asikiapo muziki mtamu, na tangu hapo hasemi tena neno lolote mpaka mwisho wa tamthilia.

Kwa hiyo ombi kwa walimu, wahariri wa vitabu vya shule na watunga mitihani ni dogo, tena halina gharama. Chapa zijazo za tafsiri za Mwalimu ziwe na ukurasa mmoja wa mchoro: duara ndani ya duara, Dunia katikati, sayari saba kwa majina yake ya Kiswahili, na mpaka wa Mwezi umekolezwa wino. Mwalimu auchore mchoro huo ubaoni kabla ya sehemu ya tano ya Mabepari wa Venisi kufunguliwa. Na mtihani uache kumtaka mtahiniwa ataje tamathali iliyotumika katika maneno ya Lorenzo. Umwulize kwa nini maneno hayo amepewa Lorenzo, usiku ule, na kwa nini Jessica ananyamaza.